Je, Emacs ya Lucid hutumia kumbukumbu ndogo kuliko ya GTK?

Swali: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari mjini Jinja. Maabara yetu ina kompyuta kuukuu zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, zinazotumia Debian, aina ya Linux, na Xfce, programu inayoonyesha paneli na madirisha. Amri ya top inaonyesha kwamba kihariri cha maandishi cha Emacs kilichojengwa kwa GTK, maktaba za kuchora madirisha na menyu, kinakula kumbukumbu nyingi kuliko kile kilichojengwa kwa Lucid, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo. Je, tuiache GTK?

Jibu: Ndugu Mwalimu, tofauti hiyo ipo, lakini safu ya RES uliyoisoma katika top huikuza, kwa sababu huhesabu kila ukurasa wa kumbukumbu unaotumiwa na mchakato, hata ule unaotumiwa pamoja na programu nyingine. Xfce yenyewe imejengwa kwa GTK. Paneli na kidhibiti mafaili huwa vimekwisha kuipakia kabla mwanafunzi hajafungua Emacs, na Linux huweka nakala moja tu ya msimbo wake kwa ajili ya wote.

Kipimo cha haki ni PSS: ukurasa unaotumiwa na michakato minne huhesabiwa robo kwa kila mmoja. Utakipata katika faili /proc/PID/smaps_rollup, ambapo PID ni namba ya mchakato. Faili hilo limo katika Linux tangu toleo la 4.14 la mwaka 2017. Soma pia mstari wa Private_Dirty, maana hicho ndicho kiasi ambacho Emacs imekiandika yenyewe na haishirikiani na yeyote. Hapo ndipo uzito halisi wa GTK huonekana, kwani hubeba mandhari na picha za vitufe, ilhali Lucid huchora menyu zake kwa njia sahili zaidi.

Huhitaji kujenga chochote upya, kwa kuwa Debian ina vifurushi vya emacs-gtk, emacs-lucid na emacs-nox, hiki cha mwisho kikiwa cha kutumika ndani ya terminali tu. Sakinisha kimoja baada ya kingine, anzisha kompyuta upya, kisha ufungue faili lilelile kwa emacs -Q ili mipangilio yako isiingilie vipimo. Usifungue Emacs mbili kwa pamoja, kwa sababu zitagawana kurasa na PSS ya kila moja itashuka.

Kwa maabara yenu, ikiwa tofauti ya Private_Dirty ni ya megabaiti chache, ningebaki na GTK, kwani kivinjari kimoja kilichoachwa wazi hula kumbukumbu nyingi kuliko hiyo. Kama badala ya Xfce mngetumia LXQt, iliyojengwa kwa Qt, maktaba nyingine ya kuchora madirisha, ningechagua Lucid bila kusita, maana mara nyingi GTK ingepakiwa kwa ajili ya Emacs peke yake. Wale wanaoandika ndani ya terminali wapewe emacs-nox, kwa sababu emacs-gtk hupakia maktaba za GTK hata inapoitwa kwa -nw, yaani bila dirisha. Vihariri vilivyojengwa kwa Electron, ambavyo kila kimoja huja na kivinjari chake cha Chromium ndani yake, sivipendekezi kabisa kwa gigabaiti 2.