Maswali ya wasomaji: Mume kaja, DWP bado wanajua niko peke yangu

Shikamoo shangazi. Niko Northampton, Uingereza, na watoto wawili, nafanya kazi ya kutunza wazee. Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, naipata tangu baba watoto alipoondoka, nikaandikisha kuwa naishi mwenyewe. Mwaka jana mume wangu wa sasa kaja kutoka Tanga kwa viza ya ndoa, tunakaa nyumba moja na kashapata kazi ya usiku kwenye ghala. Sikuwaambia DWP, wizara inayolipa posho, manake viza yake imeandikwa haruhusiwi pesa za umma, nikaogopa nikimtaja tu watamrudisha. Wenzangu wananambia nyamaza, wengi ndo wanavyoishi, barua zake peleka kwa binamu yake Luton. Usingizi sipati. Nikijisema watanifunga? Mama wawili.

Marahaba mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuandika kabla barua yao haijakufikia, hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Nianze na hiyo hofu ya viza maana ndo imekufikisha hapo, na wengi wetu imetufikisha hapo. Viza ya mumeo inamkataza yeye kudai pesa za umma, haikukatazi wewe kudai haki yako na ya watoto wako. Ukimtaja, wanakulipa kwa kiwango cha mtu mmoja, hawakuongezei kitu kwa ajili yake, na kwa vile hakuna nyongeza ya jina lake basi sharti la viza hajalivunja. Ila mshahara wake na akiba yake vinaingia kwenye hesabu, na kila pauni ya mshahara ikishavuka kile kiwango mnachoachiwa wanakata senti 55. Kwa hiyo pesa itapungua, huenda sana, huenda ikaisha kabisa. Hiyo ndo gharama ya kusema ukweli.

Sasa gharama ya kunyamaza. Fikiria hivi: Home Office, yaani watu wa viza, ulishawajazia fomu kwamba huyu ni mumeo na mtaishi pamoja. DWP umewaambia uko peke yako. Karatasi mbili za serikali moja, zote zina jina lako, na moja ni uongo. Halafu viza yake ikikaribia kuisha mtatakiwa kuongeza muda, na pale wanataka barua za benki, za kodi ya manispaa, za daktari, zenye majina yenu na anwani hiyo hiyo, kuonyesha mmeishi wote muda wote. Hizo barua anazoshauriwa azipeleke Luton ndo zile zile mtakazozihitaji. Na mwajiri wake kila siku ya malipo anapeleka taarifa ya mshahara HMRC, mamlaka ya kodi, na HMRC na DWP wanaonana. Hakuna jirani anayehitajika kukuchongea.

Wenzako sikatai kwamba wanakupenda, lakini ushauri wa Luton ni mbaya sana, na nakuomba kwa moyo wangu wote usiufuate. Kuchelewa kuripoti kwa sababu uliogopa ni kosa, lakini kuhamisha anwani ya mtu makusudi ili asionekane ni mpango, na mpango ndo wanaoutafuta wakitaka kuonyesha ulikuwa na nia ya kudanganya. Tofauti ya hayo mawili kisheria ni kubwa mno. Kuacha kuripoti mabadiliko kwa uzembe tu kunaweza kuishia kwenye kurudisha pesa na faini ya pauni 50. Wakiona kuna udanganyifu wanakuita kwenye mahojiano, yale yanayorekodiwa, unapewa onyo kama polisi wanavyochukua maelezo ya onyo. Baada ya hapo wanaweza kukupa adhabu ya kiofisi, yaani juu ya deni lenyewe unaongeza nusu yake, isiyopungua pauni 350 na isiyozidi 5,000, au wanakupeleka mahakamani. Sheria ya mwaka 1992 inaruhusu hadi miaka 7 jela kwa aliyedai kwa hila. Wengi hawafiki huko, wanapewa kifungo cha nje au kazi za jamii, lakini wewe unatunza wazee mwanangu, na mwajiri wako anaangalia DBS, ile cheti ya rekodi za makosa ya jinai. Rekodi ya udanganyifu kwenye kazi ya kukaa na wazee na vitu vyao, kazi hiyo utaisikia tu. Na siku ukiomba uraia wanaangalia mwenendo wako. Halafu hata ukikutwa na hatia mara ya kwanza tu posho yenyewe inaweza kupunguzwa wiki 13.

Umeniuliza watakufunga. Anayejitokeza mwenyewe, akaeleza aliogopa nini na lini, akarudisha, yuko pazuri kuliko aliyekamatwa. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakuuliza maswali. Deni litakuwepo, hilo halikwepeki, watalikata kidogo kidogo kwenye Universal Credit, na ukiwa umetoka kwenye posho wanamwandikia mwajiri akate kwenye mshahara, hata bila kwenda mahakamani.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitu nenda Citizens Advice, wanaotoa ushauri bure, au kituo cha sheria cha mtaani kwenu wiki hii hii, ukae nao na karatasi zako: viza, tarehe aliyoingia, payslipu zake zote. Kisha uripoti kwenye akaunti yako onlaini, uweke tarehe ya kweli aliyohamia, sio ya jana. Waambie na manispaa, maana kama unapata lile punguzo la asilimia 25 la mtu anayeishi peke yake, nalo ulishapoteza haki siku mumeo alipoingia na begi. Wakileta hesabu ya deni iombe kwa maandishi, ikague mwezi kwa mwezi, ukiona sio sahihi, una mwezi mmoja kuomba waitazame upya. Na ukiitwa mahojiano usiende peke yako, tafuta wakili, omba mkalimani wa Kiswahili kama unamhitaji. Mwanao wa shule usimtumie kutafsiri, mtoto asibebeshwe hayo.

Anti, mimi nilienda Mombasa kumuuguza mamangu, nikakaa wiki saba, Universal Credit ikaendelea kuingia. Nimerudi, nimekula hizo pesa? Mkaka wa Barking.

Mola ampe mama afya. Universal Credit inakuruhusu kuwa nje ya nchi mwezi mmoja tu. Inaongezeka mwezi mwingine kama ndugu wa karibu amefariki ukiwa huko na haikuwezekana urudi, lakini kumuuguza mzazi hakumo kwenye nyongeza hiyo, na mimi naona si haki kwetu ambao wazazi wako mbali, ila ndo sheria ilivyo leo. Kwa hiyo hapo kuna deni, waandikie useme tarehe za kutoka na kurudi. Kama unapata Child Benefit, posho ya watoto, nayo ina muda wake, wiki 8. Tunza bodingi pasi za kwenda na kurudi, maana mwaka 2025 HMRC walitumia taarifa za safari kusimamisha Child Benefit na kuna familia zilikatiwa kimakosa wakati walisharudi zamani.

Nina kiwanja Kibaha, sijajenga. Nipo Reading, napata Universal Credit. Hicho kinawahusu nini? Msomaji.

Kinawahusu, ndugu. Mali ya nje inahesabiwa kama akiba, isipokuwa nyumba unayoishi. Akiba ikizidi pauni 16,000 huna haki ya Universal Credit kabisa, na kati ya 6,000 na 16,000 wanakata pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila 250. Thamani ni ile ambayo kiwanja kingeuzika huko huko Kibaha, wanatoa asilimia 10 kama kuuza kuna gharama, na kinatoka na deni kama umekiwekea rehani. Kama kiwanja pamoja na akiba yako nyingine havizidi 6,000, hukatwi kitu, lakini swali waliuliza na jibu linatakiwa. Usikiandike jina la mdogo wako ili kipotee, wakigundua wanakihesabu bado chako. Angalia ulijibu nini pale walipouliza kuhusu akiba na mali, kama uliandika huna basi rekebisha, na upate bei kwa maandishi kutoka kwa mthamini wa huko, sio kwa dalali aliyekuuzia.