Mbona tramadoli ilimlaza mume wangu, mimi ikaniacha na maumivu?

SWALI: Mume wangu alipopasuliwa ngiri alipewa tramadoli ya kutuliza maumivu, akalala kutwa na kutapika. Mwezi uliopita nimejifungua kwa upasuaji, nikapewa dawa ile ile, kipimo kile kile, nisione nafuu. Muuguzi mmoja akasema ninadeka. Je, dawa ilikuwa mbovu? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Pole dada, na hongera ya mtoto. Kudeka hakumo. Huenda dawa ilikuwa nzima, ini lako ndilo halikuigeuza.

Tramadoli hupata sehemu kubwa ya nguvu zake baada ya kugeuzwa na kimeng'enya cha ini, yaani protini inayogeuza dawa mwilini, kiitwacho CYP2D6. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, ndiyo zaidi: hutuliza kidogo sana mpaka sehemu yake igeuke mofini, dawa kali ya maumivu. Jeni ya kimeng'enya hiki twairithi kwa baba na kwa mama. Aliyepata nakala mbili zisizofanya kazi atameza vidonge na maumivu yabaki pale pale. Wengine wana nakala za ziada. Kwao dawa hugeuka upesi na kwa wingi, wakapatwa na usingizi mzito, hata pumzi kupungua. Hawa ni wengi zaidi Ethiopia na Uarabuni kuliko Ulaya ya kaskazini. Na sisi wa Pwani, tuliochanganya damu na kila jahazi lililotia nanga, tusikisie kwa sura ya mtu.

Kwa mumeo sithubutu kusema ni jeni. Usingizi na kutapika huwapata hata wasio na nakala za ziada. Nawe, ikiwa unatumia fluoxetine au paroxetine kwa sonona, dawa hizo hukizuia kimeng'enya hicho hicho.

Kinachonishughulisha zaidi ni kunyonyesha. Tangu 2017, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inashauri mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli: akiwa mwenye nakala za ziada, mtoto aweza kupata dawa nyingi mno kupitia maziwa, akalegea na kushindwa kupumua vizuri. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki usivimeze, wala usimgawie jirani. Virudishe kwa mfamasia.

Ukipasuliwa tena, mweleze daktari wa nusukaputi mapema. Parasetamoli, ibuprofeni na mofini yenyewe hazimtegemei CYP2D6 huyu, basi ana pa kuchagua. Kipimo cha jeni kipo, lakini mimi ningeanza na kalamu: omba iandikwe kwenye kitabu chako cha kliniki kwamba tramadoli haikukutuliza, pamoja na kiasi cha dawa ulichopewa.