Pudingi ya pakiti kukataa kushika: angalia maziwa kabla ya kulaumu duka

Salamu wadau. Uzi umekuwa mrefu, kwa hiyo nikumbushe kwanza swali lenyewe. Mwenzetu wa Mamboleo, hapa Kisumu, alinunua pakiti ya pudingi ya papo hapo, ladha ya stroberi. Akaichanganya na maziwa ya yule kijana wa bodaboda anayepita asubuhi, akapiga kwa uma, akaweka kwenye friji, na hadi jioni ilikuwa bado inamwagika kama uji wa mgonjwa. Jumamosi ana sherehe ya mtoto. Wengi mmemwambia ameuziwa feki. Mwingine kasema aongeze wanga wa mahindi, ule wa kukazia mchuzi, mwingine kasema achemshe yote upya.

Mimi nisingekimbilia neno feki. Napika vitindamlo vya sherehe. Nilianzia Nakuru, nikahamia Kisumu kwa sababu ya ndoa, na kazi imenifuata huku: ruracio, yaani sherehe za mahari, za watu wa bonde waliooa huku, mahafali, siku za kuzaliwa, na mazishi pia, maana siku hizi hata wageni wa heshima mazishini hutengewa meza yao. Pakiti ni zilezile miji yote miwili. Kinachobadilika ni maziwa na joto.

Tuanze na pakiti, kwa sababu kwenye rafu zimepangwa pamoja na watu huzichanganya. Kuna kastadi, ambayo ni wanga wa mahindi mbichi, rangi, ladha na chumvi kidogo. Hiyo lazima iive motoni. Halafu kuna ya papo hapo, ambayo wanga wake ulishapikwa kiwandani ukakaushwa, kwa hiyo unavimba ukikutana na maziwa baridi tu. Geuza pakiti usome maelezo ya nyuma. Ikisema maziwa baridi na kupiga, ni ya papo hapo, na sufuria haina kazi hapo. Mdau aliyeshauri ichemshwe upya alikuwa anafikiria kastadi. Na wanga mbichi ukiutia kwenye kitu baridi hautafanya lolote, utazama chini na kuacha ladha ya chaki.

Sasa, wanga peke yake ndio nusu tu ya kazi katika hii ya papo hapo. Nusu ya pili inafanywa na chumvi za fosfeti, zile zinazoandikwa E339 na E450 kwenye orodha ya viambato. Fosfeti zikishirikiana na kalsiamu ya maziwa hushikisha ile protini inayoitwa kaseini, na maziwa yanaganda laini bila moto na bila yai. Ndiyo maana nasema pakiti ni nusu ya chakula tu, nusu nyingine umeileta wewe kwenye jagi. Maziwa yakiwa hafifu, fosfeti hazina cha kushika.

Na hapa, dada wa Mamboleo, ndipo ninapomshuku yule kijana wa bodaboda kuliko duka. Sisemi wote ni wezi. Wapo wanaoleta maziwa safi kutoka Nandi, na chai yake unaijua ikigusa ulimi. Lakini njia ni ndefu, mtungi ni mkubwa, na maji hayalipiwi. Kwenye chai hutagundua haraka kwa sababu chai yenyewe ina maji. Kwenye pudingi utagundua, maana ukiongezewa maji umepunguziwa kaseini, kalsiamu na mafuta kwa mkupuo mmoja. Vituo vya kukusanya maziwa hupima kwa laktomita, kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Nyumbani mimi huinamisha sahani na kudondosha tone moja juu yake. Maziwa mazima huteremka taratibu na kuacha njia nyeupe nyuma yake. Yaliyotiwa maji hukimbia na njia haionekani. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuambia haya ni ya chai au ni ya pudingi.

Kuna jambo lingine la nyumbani ambalo halihusiani na mchuuzi kabisa. Maziwa mabichi lazima uyachemshe, hilo halina mjadala, brusela si mzaha. Yakipoa kunakuwa na utando mzito juu, na kila nyumba ina mtu wake wa kuuiba huo utando apake mkate. Ukiutoa umetoa mafuta mengi, na pudingi itakuwa nyepesi mdomoni hata ikishika. Rudisha utando ndani, chuja uvunje vipande. Ng'ombe naye ana neno lake: maziwa ya Jersey yana mafuta kuliko ya Friesian, na ukimpata jirani mwenye Jersey mmoja mshikilie.

Kama huna uhakika, nunua maziwa ya pakiti yenye mafuta kamili. Yale ya boksi yanayokaa nje ya friji pia yanafanya kazi, ila yaweke kwenye friji kabla ya kuyatumia. Ya mashine za mtaani hutegemea mwenye mashine. Soma mililita, kwa sababu si kila pakiti ndogo ni nusu lita, na ukidhani ni nusu lita utapima unga vibaya. Yaliyopunguzwa mafuta niachie mimi niyanywe nikiwa kwenye lishe, si ya kitindamlo.

Mdau mmoja alipendekeza maziwa ya soya kwa sababu kuna mtoto ambaye tumbo lake halielewani na ya ng'ombe. Kwa pudingi ya papo hapo soya haitashika, haina kaseini, na ya lozi ni hivyohivyo. Huyo mtoto mpikie kikombe chake cha kastadi kwa maziwa ya soya. Wanga wa kastadi hauulizi maziwa yametoka wapi, unataka tu maji na moto.

Joto. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba unaweza kuacha bakuli dirishani jioni likapoa lenyewe vizuri. Kisumu iko karibu mita 1,130, kando ya ziwa, na mchana ukifika nyuzi 30 hakuna kitu kinachopoa juu ya meza. Mtu wa Kisumu akikuambia maziwa yamepoa, muulize yamepoa kwa kipimo gani. Yaliyopoa mpaka ukaweza kuyanywa bado ni ya moto kwa kazi hii. Yanatakiwa yatoke kwenye friji, yakiwa yamelala humo usiku kucha, na bakuli la kupigia liwe baridi pia. Mimi huliweka bakuli kwenye sehemu ya barafu wakati naandaa vikombe.

Baadhi ya pakiti za papo hapo hupigwa hadi kuumuka, yaani kujaa hewa, kama zile za Uingereza. Ile maarufu ya kule, Angel Delight, ambayo kampuni ya Bird's iliitoa mwaka 1967 na ambayo jamaa wa ughaibuni hutujazia kwenye masanduku Desemba, ni gramu 59 kwa mililita 300 za maziwa baridi. Ya kwako angalia gramu, kisha usizidishe maziwa ili vikombe vitoshe. Hiyo tamaa ya kutaka pakiti moja ilishe watoto wote wa mtaa ndiyo inayozaa uji. Watoto wakizidi, ongeza pakiti.

Jumamosi ningefanya hivi. Maziwa yamechemshwa Ijumaa, yamepoa, yamelala kwenye friji. Asubuhi nayamimina kwenye bakuli kwanza, halafu unga unafuata, ukinyunyizwa juu. Ukianza na unga kisha umwage maziwa juu yake, wanga wa juu unavimba na kufungia ule wa chini ukiwa mkavu, na hayo mabonge hutayamaliza. Piga kwa mashine ndogo ya keki, mwendo wa chini mpaka unga uzame, kisha juu kidogo, dakika moja au mbili hivi. Uma unaweza, lakini mkono utakuuma na hewa haitaingia ya kutosha, na hii ya kuumuka inaishi kwa hewa. Utaona mashine inaanza kuacha mistari isiyofutika haraka. Hapo acha. Mimina kwenye vikombe mara moja, rudisha kwenye friji, na usikoroge tena. Hili la mwisho watu hawalizingatii. Kuna mama atafungua friji, atachovya kijiko, ataona haijakaza, ataipiga tena. Ikishaanza kushika ukiivunja haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Stima ikipotea, usifungue friji. Ikikawia kurudi, weka vikombe kwenye boksi la barafu la soda, vikikaa juu ya barafu, si kuzama ndani ya maji yake. Na kwa joto letu, kikombe kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili mimi simpi mtoto wa mtu, hata kama kinanukia vizuri. Kwa hiyo usiviweke mezani na keki tangu saa sita huku mkisubiri mgeni rasmi. Viache ndani, vitoke wimbo ukishaimbwa.

Ile iliyokataa kushika usiitupe, kama imekaa kwenye friji muda wote. Mimina kwenye vifuko vya barafu, gandisha. Ina sukari na maziwa, watoto hawatauliza ilitakiwa iwe nini.

Kuhusu kastadi, maana wawili wameuliza. Manjano yake si yai. Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1837 kwa sababu mke wake alikuwa hapatani na mayai, na hadi leo kastadi ya unga haina yai isipokuwa ulitie mwenyewe. Vijiko viwili vya meza kwa nusu lita, koroga kwanza na maziwa baridi kidogo, mimina yaliyochemka juu yake, rudisha motoni mpaka itokote, usiache kukoroga. Mtu wa Nakuru aipe muda kidogo zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 kule. Kisha funika kwa karatasi ya nailoni iguse uso wa kastadi yenyewe ili isifanye ngozi.

Na usionje kwa kijiko kile unachokorogea. Hili nimelishuhudia jikoni kwa watu mara nyingi: kastadi nzito saa nne, mpishi anaonja, anarudisha kijiko, anaonja tena, na ikifika saa nane imelegea na kila mtu anamlaumu aliyenunua unga. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Onjo moja kwenye sufuria iliyokwisha poa linatosha kuanza hiyo kazi polepole. Chota kwa kijiko kimoja, weka kwenye kiganja, onja kiganja.

Matunda ya juu: ndizi na embe hazina shida. Nanasi bichi na papai bichi ni maadui, nikisema bichi nina maana halijapitia moto, hata kama limeiva. Yana vimeng'enya vinavyokula protini, na baada ya muda maziwa yanakuwa machungu na chini ya kikombe kunajaa maji. Nanasi likitokota dakika chache na sukari kidogo, likapoa, linakaa salama. Papai tuliache kwenye sahani yake.

La mwisho ni swali la ndugu wa Manyatta kuhusu jelatini, ile ya kugandisha, kama imo na inatoka kwa mnyama gani, ambalo wachangiaji walilipita juu juu. Pudingi inayoshika kwa fosfeti mara nyingi haina haja ya jelatini, lakini baadhi ya unga wa krimu inayoumuka unayo, na jeli za kawaida za pakiti pia. Jelatini hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki, na pakiti nyingine haisemi ni yupi. E471, kiambato cha kuchanganya mafuta na maji, nayo inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama. Huku kwetu si swali la Waislamu peke yao. Ukipikia Wasabato wa Kisii au Homa Bay, kuna mama atakuja jikoni kabla ya maombi aombe aone pakiti, na ana haki. Mimi huwa nazibeba pakiti tupu kwenye mfuko hadi sherehe iishe. Ikiwa na alama ya halali, nawaonyesha. Ikitaja jelatini bila kusema ya nani, siitumii kwa hao wateja, napika kastadi.