Daftari la Mangi lisionekane pichani

Mradi wetu wa kwanza wa kusherehekea maduka ya mtaani uliharibiwa na picha moja nzuri mno. Mangi (Dar es Salaam tunamwita hivyo mwenye duka yeyote, awe Mchaga au asiwe) alikuwa nyuma ya nondo, jua la asubuhi limempiga usoni, mkono mmoja kwenye mizani. Tuliichapa kubwa tukaitundika barabarani. Haikuchukua muda mama mmoja akaisogelea na kuanza kusoma. Daftari la madeni lilikuwa wazi pale kaunta, na jina lake lilikuwa mstari wa tatu: sukari, unga, sabuni ya mche. Jioni mtaa mzima ulishajua nani anadaiwa nini. Sisi tulishusha picha tukaondoka. Mangi ndiye aliyebaki kutazamana na wateja wake.

Basi wewe unayeanza kazi hii, uwe mchoraji au mpiga picha, siku za mwanzo kamera iache nyumbani. Nenda kama mteja. Msalimie, nunua kitu, kisha simama pembeni, maana ukiziba dirisha la duka umeziba riziki ya mtu. Utaona mwenyewe siku inavyokwenda. Asubuhi ni watoto waliotumwa mkate na majani ya chai; kuanzia saa kumi na mbili jioni ni msururu wa mafuta ya kupima na vocha. Nafasi ya mazungumzo ni mchana, saa nane hadi saa kumi hivi, kama hajaenda Kariakoo kufuata mzigo. Na ukilazimika kumfanya afunge duka ili upige picha, mlipe muda wake. Asante haijazi rafu.

Ukimuuliza duka lake lina umuhimu gani kwa jamii, atakujibu kama anavyomjibu afisa biashara. Muulize kwa nini sabuni yoyote ya unga wateja wanaiita Omo. Muulize anajuaje wa kumkopesha na wa kumwambia "rudi kesho". Mimi maswali ya namna hiyo yalinipa habari za mtaa wangu nisizowahi kuzisikia, na michoro yetu bora ilitoka humo: vipimo vya robo na nusu, mikono ya watoto inayopenya kwenye nondo na sarafu.

Ukuta nao una mambo yake. Wenye maduka wengi wamepanga fremu, yaani chumba cha duka kwenye nyumba ya mtu, kwa hiyo Mangi akikuambia "chora tu", bado hujapata ruhusa. Mwenye nyumba ni mtu mwingine. Nimewahi kuona mchoro wa siku nne ukipakwa rangi nyeupe kwa sababu mwenye nyumba hakuulizwa, na nimeona fremu nyingine ikipandishwa kodi kwa sababu "sasa inapendeza". Siku hizi nachora kwenye ubao. Mangi akihama, anahama na mchoro wake. Wala si ujanja wangu. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao na rangi ya baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Duka na mchoro hapa mjini ni majirani wa siku nyingi.

Halafu kuna ushuru wa mabango. Halmashauri hutoza kwa ukubwa, na jina la duka likiandikwa kwa herufi za mita moja, mkaguzi haoni sanaa, anaona bango. Risiti ataandikiwa Mangi. Ulizia kwanza kwa mtendaji wa mtaa, siku hiyohiyo unayopeleka barua ya utambulisho. Idhini ya picha ichukue kwa maandishi, kwa Kiswahili chepesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Kama kazi yako iko Mji Mkongwe, Zanzibar, usiguse ukuta kabla ya kufika kwenye mamlaka ya uhifadhi. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji kupumua. Ukizipaka rangi ya mafuta unafungia unyevu ndani, na plasta itabanduka.

Jambo lililonisumbua kuliko vibali ni fitina. Ukimchora Mangi mmoja ukamruka wa pili yake, umemfanyia wa kwanza tangazo la bure, na wa pili hatakusahau. Chukua maduka yote ya kipande kimoja cha barabara, hata lile lisilo na sura ya picha. Atakayekataa, mwache na heshima yake.

Kabla ya kutundika chochote, kila mwenye duka aione picha yake peke yake, kwa utulivu, akiwa na miwani kama anavaa. Mmoja wetu akae naye akague kaunta, rafu na karatasi zilizobandikwa ukutani. Ukimaliza, mwachie kopo la rangi iliyobaki na brashi moja. Bodaboda wataegesha pale, watakwaruza, na yeye atataka kupaka mwenyewe bila kukusubiri.