Nyanya za kwenye makumbi ya nazi na maji ya kisima

Dada wa mtaa wa Kisasa, Dodoma, umesema majani machanga ya nyanya zako yanageuka njano, mishipa imebaki kijani, na mbolea unaweka. Usiongeze. Madini ya chuma huenda yamo, ila pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) ikipanda mmea hauyapati. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, nayo hupandisha pH. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Changanya mbolea kwenye maji kwanza, ndipo upime pH, kisha ishushe kwa asidi ya fosfori, tone kwa tone, hadi 5.8 au 6.0. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, siyo kinyume, na uvae glavu. (Mimi nilikuwa napima kabla ya mbolea, nikahangaika wiki nzima!) Pima pia maji yanayochuruzika chini ya mfuko wa makumbi: pH yake ikizidi 6.5, endelea kumwagilia maji uliyorekebisha mpaka pH ya yanayotoka ishuke.