Anza na Mtihani, Slaidi Zitafuata

Mhadhiri akiambiwa ahamishie kozi yake mtandaoni, kitu cha kwanza anachoshika ni slaidi. Anazipakia zote, anaongeza rekodi ya saa mbili, halafu wiki ya tano anashangaa kuona wanafunzi waliingia mara moja tu. Usanifu wa mafunzo unaanzia upande wa pili: mwanafunzi atafanya nini ili ajulikane kuwa ameelewa?

Liandike jibu kwa kitenzi kinachopimika. "Aelewe sampuli" hakuna wa kuipima. "Akokotoe ukubwa wa sampuli ya kaya za kata moja na kuutetea" inasahihishika. Kutoka hapo rudi nyuma: zoezi, kabla yake mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, kabla yake maelezo. Nusu ya slaidi zitakosa pa kukaa. Ziache, hata zile ulizozipenda.

Video ziwe fupi. Philip Guo na wenzake, katika utafiti wao wa 2014 kuhusu kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walikuta muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Kwa Kiswahili, dakika hizo ni maneno kama 600 ya kusoma bila haraka. Kisha fikiria bando la mwanafunzi: dakika 6 za video yenye ubora wa kilobiti 1,500 kwa sekunde ni MB 67 hivi, kwa kilobiti 500 ni MB 22, sauti peke yake kwa kilobiti 64 haifiki MB 3. Basi weka na faili la sauti pamoja na maandishi yake. Picha yenye ukungu watu huivumilia, sauti mbaya hawaivumilii. Zima feni, funga pazia nzito, maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" zisipulize.

Penye kilio zaidi ni majaribio. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kuna kipengele kinachoamua kitakachotokea muda ukiisha, nacho kina njia tatu: jaribio lijiwasilishe lenyewe, mwanafunzi apewe muda wa nyongeza wa kuwasilisha tu, au lisihesabiwe kama hakuwasilisha. Hiyo ya tatu ikichaguliwa kwa bahati mbaya, umeme ukikatika dakika ya mwisho mtu anapata sifuri na majibu yake yapo. Chagua ya kwanza. Maswali yawe matatu au manne kwa ukurasa, maana kila anapohamia ukurasa mwingine majibu huhifadhiwa. Na usifunge saa sita usiku Jumapili: darasa zima litaigonga seva kwa pamoja, na fundi wa mfumo amelala. Jumatano saa kumi jioni ni bora.

Majadiliano? Swali lenye jibu moja huua mjadala kwenye ujumbe wa pili. Toa kisa chenye pande mbili, gawa watu 8 hadi 10 kwa kundi.

Kuhusu cheo, kozi nzuri peke yake mara nyingi haikupandishi. Kamati huhesabu makala za majarida. Takwimu za kozi yako zinaweza kuwa makala, ila kibali cha maadili ya utafiti kiombwe kabla ya muhula kuanza, na ridhaa ya wanafunzi ikusanywe na mtu asiyewasahihishia.