Herufi zilezile, kazi tofauti: umbo la DNA na jeni za bakteria

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya maabara hapa Nairobi. Tulitoa plasmidi moja, yaani duara dogo la DNA, kutoka kwa bakteria E. coli, tukaipitisha kwa umeme kwenye jeli ya agarosi inayotenganisha molekuli za DNA, na badala ya mstari mmoja tukaona miwili: mmoja umekimbia mbali, mwingine umebaki nyuma. Mkufunzi akasema ni DNA ileile, kinachotofautiana ni umbo. Darasani tunafundishwa kwamba jeni huwashwa au kuzimwa na protini inayotambua mpangilio wa herufi, yaani besi A, T, G na C. Ikiwa herufi hazijabadilika, umbo linaweza kweli kubadilisha kazi ya jeni ndani ya bakteria aliye hai, au ni jambo la kwenye jeli tu?

JIBU: Linaweza, tena sana. Swali lako linagusa jambo ambalo vitabu vingi vya mwanzo hulipitia kwa sentensi mbili tu, nami naona ni hasara kwa wanafunzi.

Kwanza hiyo mistari. Uliokimbia ni plasmidi nzima iliyojisokota. Uliobaki nyuma ni plasmidi ambayo uzi wake mmoja umekatika mahali fulani, ikalegea ikawa duara pana. Ukitaka kujiridhisha, ichukue ile sampuli uikate kwa EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA penye herufi GAATTC, mradi plasmidi yako iwe na herufi hizo mahali pamoja tu. Mistari yote miwili itatoweka na utapata mmoja, kwa kawaida katikati ya pale ilipokuwa ile ya awali.

Sasa tuhesabu. DNA iliyotulia huzungusha nyuzi zake mara moja katika kila jozi 10.5 za besi. Plasmidi ya jozi 4,200 ingekuwa na mizunguko 400. Ile inayotolewa kwenye E. coli huwa imepungukiwa na mizunguko 24 hivi, yaani sita katika kila mia. Mizunguko hiyo imeondolewa na bakteria mwenyewe, na ameigharamia kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ni jairesi, kilichoelezwa na Martin Gellert na wenzake mwaka 1976: hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye mkato, kisha huziunga tena.

Kamba iliyofumuliwa mizunguko kadhaa halafu ncha zake zikaungwa haitulii. Ama itajikunja yenyewe kwa yenyewe, ama nyuzi zake zitaachana mahali. DNA nayo huwa hivyo. Kujikunja ndiko kulikoibana plasmidi yako ikapenya kwenye jeli upesi. Kuachana kwa nyuzi ndiko kunakojibu swali lako.

Polimeresi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni, haiwezi kufanya hivyo bila kwanza kufungua jozi kumi na kitu pale promota, sehemu ya DNA inapotua, inapokutana na mwanzo wa jeni. Kufungua kunahitaji nguvu. DNA iliyopunguziwa mizunguko ina nguvu hiyo tayari, imewekwa akiba ndani yake. Ila promota hazifanani. Yenye A na T nyingi karibu na mwanzo hufunguka kwa urahisi, kwa sababu A na T hushikana kwa bondi mbili za haidrojeni, na G na C kwa tatu. Yenye G na C nyingi hapo, kama promota za RNA ya ribosomu, hutegemea sana msokoto, yaani huko kupunguziwa mizunguko. Kwa hiyo kiwango kimoja cha msokoto kinaweza kuinua jeni moja, kikaishusha nyingine, na ya tatu kisiiguse.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa jairesi yenyewe. Mwaka 1983 Rolf Menzel na Gellert walionyesha kwamba DNA ikilegea, jeni za gyrA na gyrB, zinazotengeneza jairesi, hufanya kazi zaidi. Jeni ya topA, inayotengeneza kimeng'enya cha kulegeza, hupanda pale msokoto unapozidi. Bakteria anapima umbo la DNA yake na kulirekebisha kwa kutumia umbo hilohilo. Na kwa kuwa jairesi hutegemea uwiano wa ATP na ADP (ATP iliyokwisha kutumika), chakula kikipungua msokoto nao hulegea, na jeni nyingi huyumba kwa pamoja.

Lakini usidhani umbo ni msokoto tu. Chukua MerR, protini inayolinda bakteria dhidi ya zebaki. Polimeresi hutafuta visanduku viwili vya herufi kwenye promota, cha −35 na cha −10 (jozi 35 na 10 hivi kabla ya mwanzo wa kunakili), na umbali unaoifaa kati yake ni jozi 17. Promota inayosimamiwa na MerR ina 19. Kila jozi huzungusha DNA kwa pembe ya digrii 34 hivi, kwa hiyo jozi mbili za ziada zimekisogeza kisanduku kimoja karibu digrii 70 kutoka upande unaofaa. Polimeresi hufika, ikakaa, ikashindwa kuanza. Zebaki ikiingia na kushikwa na MerR, protini hiyo hufumua DNA katikati ya visanduku, vikaelekeana, na jeni ikawaka. Hakuna herufi iliyobadilika, na MerR haikuondoka mahali pake.

Mfano mwingine unahusu afya zetu hapa. Shigella, anayeleta kuhara damu, huhitaji jeni ya virF ili kuamsha silaha zake. Protini ya H-NS hushika promota ya virF sehemu mbili, na kati yake DNA ina mpindo wa asili unaozikaribisha sehemu hizo. Chini ya nyuzi joto 32 mpindo huo upo, H-NS huziunganisha, na jeni hunyamaza. Joto likipanda hadi 37, mpindo hulegea, H-NS hupoteza mshiko. Maji kwenye mtungi hapa Nairobi hayafikii nyuzi 32. Tumbo la binadamu linazipita. Bakteria anatambua ameingia mwilini kwa kuwa DNA yake imenyooka.

Umbo hili ni shabaha ya dawa pia. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, huishika jairesi ikiwa imeshakata DNA, mkato usiungwe. Badiliko dogo kwenye gyrA linatosha kuidhoofisha dawa hiyo, na hii ni sababu mojawapo kubwa ya kutoitumia ovyo.

Tahadhari moja. Ulichoona kwenye jeli ni DNA iliyovuliwa protini zake. Ndani ya seli, karibu nusu ya msokoto huo huwa imeshikwa na protini, na iliyobaki ndiyo inayosukuma promota. Kwa hiyo usichukue kipimo cha jeli ukasema ndicho kilichokuwa ndani ya bakteria.

Mkufunzi wako akikubali, fanyeni jaribio hili. Kuzeni bakteria wenye plasmidi kwenye chupa mbili, moja iwe na novobiosini kidogo, dawa inayoizuia jairesi kutumia ATP. Toeni plasmidi, kisha mzipitishe kwenye jeli yenye klorokwini, ileile tuliyokuwa tukimeza kwa malaria. Hujipenyeza kati ya besi na kufumua DNA, hivyo molekuli zilizotofautiana kwa mzunguko mmoja tu huachana. Mtaona mistari mingi myembamba iliyofuatana, na kundi la chupa ya novobiosini litakuwa limehama. Msitie ethidiamu, rangi ya kuonyesha DNA, kwenye jeli tangu mwanzo, maana nayo hujipenyeza na itavuruga matokeo. Osheni klorokwini kwanza, ndipo mtie rangi.